Kutoka Moshi Hadi KIA: Safisha Bati Lako Bila Kulichuna

Kila mwaka kabla ya masika wengi wetu tunapanda juu ya paa. Tunataka kuondoa rangi iliyobanduka. Tunataka kupaka rangi mpya kabla mvua haijaanza. Hiyo ni kazi nzuri. Lakini mabati mengi huharibika siku hiyo hiyo. Anayeyaharibu ni mwenye nyumba mwenyewe, kwa brashi ya waya na kwa dawa kali.

Bati ni ghali. Familia huuza kahawa, ndizi au ndama ili inunue mabati ya nyumba moja. Kwa hiyo si vizuri kuyapoteza kwa kazi ya asubuhi moja.

Leo nakualika tusafiri pamoja. Tutaanza Moshi mjini. Tutakwenda hadi Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Kilimanjaro, ambacho tumezoea kukiita KIA. Kisha tutarudi na kupanda Machame. Katika safari hii tutajifunza jambo moja: namna ya kuondoa rangi na mpira juu ya kitu bila kukiumiza kitu chenyewe. Watu wa viwanja vya ndege wanalijua sana jambo hili. Sisi wakulima nasi linatufaa.

MOSHI MJINI

Moshi ni mji wa kahawa na wa reli. Reli kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1911. Chama Kikuu cha Ushirika cha KNCU kilianzishwa hapa mwaka 1933, ili wakulima wa mlimani wauze kahawa yao kwa pamoja. Siku ya mawingu mlima hauonekani kabisa. Siku ya anga safi theluji ya Kibo huonekana juu ya mapaa ya mji.

Tupite kwa mafundi wa bati. Utasikia nyundo zao kabla hujawaona. Wanatengeneza karai, majiko, masanduku na mifereji ya kukingia maji ya mvua. Mwombe fundi akuonyeshe kipande cha bati jipya. Litazame vizuri. Linang'aa. Mng'ao ule si wa chuma. Chuma kiko ndani. Juu yake kimepakwa madini yanayoitwa zinki.

Zinki ni ngozi ya bati. Mvua ikinyesha, zinki ndiyo inayoliwa kwanza, tena polepole sana. Chuma kilicho ndani kinabaki salama. Lakini ngozi hiyo ni nyembamba. Ni nyembamba kuliko karatasi ya gazeti unaloshika sasa. Ukiikwangua kwa chuma, inatoka. Ikitoka, kutu huanza.

Sasa tazama sufuria zinazouzwa sokoni. Hizo ni za alumini. Alumini haina zinki wala haipati kutu nyekundu. Ni nyepesi na laini. Nayo ina adui zake. Tutawaona huko mbele.

BARABARANI

Tushike barabara ya Arusha. Tunaelekea magharibi. Mlima uko kulia kwetu. Upande huo wa kulia, juu, kuna ukanda wa kijani wa migomba na kahawa. Upande wa kushoto nchi inashuka na kuwa kavu. Tunavuka mto Karanga. Tunavuka Weruweru. Kisha tunavuka Kikafu. Mito yote hii inatoka mlimani. Maji yake ndiyo yanayogawanywa katika mifongo ya vihamba vya juu na katika mashamba ya chini.

Tukipita Boma Ng'ombe, migomba imekwisha. Sasa tunaona miti ya miiba, vumbi, na ng'ombe wakitafuta majani. Mbele yetu unaonekana Mlima Meru. Baadaye tunaacha barabara kuu na kuingia upande wa kushoto. Tumesafiri kama kilomita 40 kutoka Moshi. Tumefika KIA.

KIA

Kiwanja hiki kilifunguliwa mwaka 1971. Kipo katika uwanda wa Hai, ambako nchi ni tambarare na ndege hupata nafasi ya kutosha. Njia yake ya kurukia na kutua ndege ni ya lami. Ina urefu wa mita 3,600 na upana wa mita 45. Mtu akitembea kwa mwendo wa kawaida kutoka mwanzo hadi mwisho atatumia zaidi ya dakika 40.

Kwa nini njia iwe ndefu hivyo? Ndege kubwa hutua kwa kasi kuliko basi lolote unalolijua. Ni lazima ipate mahali pa kukimbia huku ikifunga breki.

Sasa fikiri juu ya gurudumu la ndege. Ikiwa angani, gurudumu halizunguki. Linapogusa lami, ndege inakwenda kasi lakini gurudumu limesimama. Kwa muda mfupi sana gurudumu huburuzwa. Hupata moto. Moshi hutoka. Mpira kidogo huyeyuka na kubaki juu ya lami. Kisha gurudumu huanza kuzunguka.

Ndege moja huacha mpira kidogo tu. Ndege nyingi huacha mwingi. Kila kiwanja kinachopokea ndege nzito hupata weusi huo mahali ndege zinapogusa chini.

Je, weusi huo una madhara? Ndiyo. Lami nzuri ina vinundu vidogo na mashimo madogo. Gurudumu hushika hapo. Mvua ikinyesha, maji hupita katika nafasi hizo. Mpira ukizijaza, lami huwa laini kama sahani. Mvua ikinyesha, gurudumu huteleza na breki hazishiki. Ndege inaweza kupita mwisho wa njia ikiwa na watu ndani.

Kwa sababu hiyo wataalamu wa viwanja hupima kama njia bado inashika magurudumu. Ikionekana inateleza, mpira huondolewa. Vivyo hivyo rangi nyeupe za alama. Rangi ikizidi kuwa nene, nayo huteleza, na alama ya zamani inaweza kumpoteza rubani.

Wengine huondoa mpira kwa maji yanayosukumwa na mashine kwa nguvu nyingi. Wengine hutumia dawa inayolainisha mpira, kisha wakausugua na kuuosha. Lakini yote hayo hufanywa kwa kipimo. Maji yakizidi nguvu, yanang'oa kokoto za lami. Dawa ikikosewa, inaila lami. Hapo mpira utakuwa umetoka, na njia itakuwa imeharibika.

NJIA YA NDEGE INAYOBEBEKA

Njia ya KIA haihamishiki. Lakini ziko njia za ndege zinazohamishika. Hutandikwa juu ya udongo kama mkeka, na kazi ikiisha hufunguliwa na kupelekwa mahali pengine.

Tuanze na tukio la karibu nasi. Tarehe 18 Desemba 2013 ndege kubwa ya abiria, aina ya Boeing 767, ilikuwa inatoka Addis Ababa kuja KIA. Badala ya kutua KIA, ilitua katika kiwanja kidogo cha Arusha. Njia ya Arusha ilikuwa na urefu wa mita 1,600 hivi. Hiyo haifiki hata nusu ya njia ya KIA. Ndege ilifika mwisho wa lami, na magurudumu yake yakaingia kwenye udongo wenye majani. Hakuna mtu aliyeumia. Baadaye iliruka tena, ikiwa nyepesi, bila abiria.

Tukio hilo linatuonyesha kwamba udongo mtupu hauwezi kubeba ndege nzito. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia majeshi yalikuwa na shida hiyo hiyo. Walihitaji viwanja vya ndege kwa haraka, mahali pasipo na lami. Mwaka 1941 Wamarekani walijaribu mabamba ya chuma yenye matundu. Bamba moja lilikuwa na urefu wa mita 3, upana wa sentimeta 38, na uzito wa kilo 30 hivi. Pembeni lilikuwa na kulabu za kushikana na bamba la pili. Watu waliyatandika chini, yakawa njia ya ndege.

Baadaye yalitengenezwa mabamba ya alumini. Aina moja inayojulikana sana ina urefu wa mita 3 na sentimeta 66, na upana wa sentimeta 61. Uzito wake ni kilo 65 hivi. Hiyo ni zaidi kidogo ya gunia moja la kahawa la kilo 60. Watu wachache wanaweza kulibeba. Tufanye hesabu. Ukitaka njia ya urefu wa mita 1,000 na upana wa mita 20, utahitaji mabamba kama 9,000.

Juu ya bamba hilo hupakwa tabaka la kukwaruza, kama msasa, ili gurudumu lisiteleze. Hapa ndipo kazi ya kusafisha inapokuwa ngumu. Juu kuna mpira na rangi. Chini yake kuna tabaka la kukwaruza. Chini kabisa kuna alumini laini. Unataka kuondoa cha juu, na uache viwili vya chini.

Mabamba haya yana mambo manne ya kuepuka.

Kwanza, brashi ya waya wa chuma. Hukwangua alumini. Tena vipande vidogo vya waya hubaki ndani yake na kuota kutu.

Pili, kostiki soda na asidi kali. Kostiki soda huila alumini. Utaona povu, na joto hutoka. Povu hilo lina gesi inayowaka moto upesi. Baada ya muda bamba huwa na vishimo.

Tatu, moto. Watu wengine hufikiri kwamba rangi na mpira vichomwe tu. Lakini alumini ya mabamba hayo ilipewa nguvu kiwandani kwa joto la kipimo. Ukiichoma ovyo, nguvu ile hupotea. Bamba litaonekana zima, lakini litapinda chini ya gurudumu.

Nne, mchanga unaorushwa kwa mashine. Mchanga ni mkali. Huondoa rangi, kisha huondoa tabaka la kukwaruza, kisha huanza kula bamba.

Basi usafi hufanywaje? Huanzwa kwa njia ya upole. Vumbi hufagiliwa. Bamba huoshwa kwa maji na sabuni isiyo kali. Husuguliwa kwa brashi ya nyuzi laini. Mpira uliobaki hulainishwa kwa dawa ambayo maandishi yake yanasema inafaa kwa alumini. Kisha hukwanguliwa kwa kibao cha plastiki au cha mti. Dawa haiachwi ikaukie pale. Huoshwa yote, hata katika viungo. Na kabla ya kuanza, dawa hujaribiwa mahali padogo pembeni.

Ndugu mkulima, sikia na hili. Viwandani, wanapotaka kuondoa rangi juu ya madini laini, mara nyingine hawarushi mchanga. Hurusha magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Naam, magunzi haya haya tunayowashia moto! Gunzi ni gumu kuliko rangi iliyolegea, lakini ni laini kuliko madini. Huondoa uchafu na kuacha bamba zima.

TUPANDE MACHAME

Tumeona mambo ya ndege. Sasa turudi tulikotoka. Tunapita Boma Ng'ombe tena. Mlima sasa uko kushoto. Tunaingia barabara ya kupanda Machame.

Kadiri tunavyopanda, hewa inapoa. Vumbi linaisha. Migomba inafunika njia pande zote. Chini ya migomba kuna kahawa. Katikati ya kihamba kuna nyumba ya bati. Pembeni kuna zizi, na chini ya mfereji wa paa kuna tangi au pipa la maji.

Simama utazame paa. Utaona mambo yale yale ya uwanja wa ndege. Kuna rangi iliyobanduka. Kuna vipande vya tairi vilivyowekwa chini ya misumari ili maji yasipite. Jua limevilainisha, vimeshikana na bati. Kuna rangi na kuna mpira. Chini yake kuna zinki, ile ngozi nyembamba tuliyoiona kwa fundi.

Adui mwingine yuko ndani ya kihamba. Huyo ni mrututu. Wakulima wa kahawa tunaujua tangu zamani. Huchanganywa na chokaa kuzuia kutu ya majani na chulebuni. Mrututu una shaba. Shaba hiyo ikigusa zinki, huila. Kwa hiyo usichanganye mrututu katika ndoo ya bati. Ndoo itatoboka, na dawa itapungua nguvu. Tumia pipa la mti au la plastiki. Na unaponyunyizia kahawa iliyo karibu na nyumba, angalia upepo. Dawa isiangukie paa. Italila bati, na itaingia katika maji ya kunywa.

Jikoni nako kuna somo. Ukipika maharage kwa magadi katika sufuria ya alumini, sufuria huwa nyeusi. Magadi yanaila alumini kidogo kidogo, kama kostiki soda inavyokula bamba la ndege. Ukisugua sufuria kila siku kwa mchanga na majivu, hung'aa, lakini kila siku inakuwa nyembamba. Tumia sabuni na dodoki. Chakula kikiungua, loweka sufuria kwa maji ya moto, kisha kwangua kwa mwiko wa mti.

NAMNA YA KUSAFISHA PAA

Fanya kazi hii wakati wa kiangazi, siku isiyo na upepo. Fuata hatua hizi.

1. Ondoa mfereji unaopeleka maji katika tangi. Funika tangi. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi. Risasi ni sumu, na huumiza zaidi watoto wadogo. Haifai iingie katika maji.

2. Weka watoto, kuku na mifugo mbali. Funga kitambaa puani na mdomoni. Tandika turubai au magunia chini ili yapokee vipande vya rangi.

3. Tumia ngazi imara. Ukiwa juu, kanyaga penye mstari wa misumari. Hapo chini kuna mti. Ukikanyaga katikati, bati litabonyea.

4. Lowesha bati kwa maji na sabuni. Usikwangue rangi ikiwa kavu, kwa maana vumbi lake ndilo linaloingia kifuani. Bati lenye maji linateleza, kwa hiyo lowesha sehemu ndogo tu, ile uliyo karibu nayo.

5. Kwangua kwa kibao cha mti, kipande cha plastiki ngumu au gunzi la mahindi. Ondoa rangi iliyolegea tu. Rangi iliyoshika vizuri iache. Rangi mpya itashika juu yake.

6. Mpira wa tairi ulioshikana na bati uloweshe kwa maji ya sabuni. Usubiri. Kisha uinue polepole kwa kibao. Usiuchome. Moshi wa mpira ni mbaya, na moto huharibu zinki.

7. Penye kutu nyekundu zinki imekwisha kutoka. Hapo peke yake tumia msasa. Kisha paka rangi ya kwanza ya kuzuia kutu.

8. Suuza paa lote. Acha likauke. Paka rangi inayofaa kwa mabati ya zinki. Soma maandishi ya kopo kabla hujalifungua.

9. Kusanya vipande vyote vya rangi. Usivichome, usivitupe katika mfongo, wala usivitie katika mbolea ya samadi. Vitie katika kopo lenye kifuniko. Liweke mbali na watoto, kisha muulize bwana afya mahali pa kulipeleka.

10. Mvua za kwanza zikinyesha, usikinge maji. Acha zioshe paa. Kisha rudisha mfereji wako.

Usitumie petroli kulainisha rangi. Cheche moja ya jikoni inaweza kuteketeza nyumba nzima.

Ndugu msomaji, jambo la kukumbuka ni dogo. Kabla hujasugua, uliza kwanza: kitu hiki kimetengenezwa kwa nini? Ni zinki, ni alumini, au ni chuma kitupu? Chagua kifaa kilicho laini kuliko kitu chenyewe. Anza kwa upole. Jaribu pembeni. Haraka haraka haina baraka. Rangi unaweza kuinunua tena kopo kwa kopo, lakini zinki ikishatoka hairudi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mpira juu ya njia ya ndege ni hatari wakati wa mvua?

2. Zinki inafanya kazi gani juu ya bati?

3. Katika nyumba yako, ni vyombo gani vya alumini, na ni vipi vya bati? Unavisafisha kwa nini?

4. Nani katika kijiji chenu anachanganya dawa ya kahawa katika ndoo ya bati? Mtamshauri nini?